Kilio cha Bibi Harusi wa Milima ya Wuling

Wasomaji wanne wameniandikia mwezi huu kuhusu video moja inayozunguka kwenye simu. Msichana aliyevaa nguo nyekundu ameketi mezani pamoja na wasichana wenzake. Ameziba uso kwa leso, analia kwa sauti yenye mahadhi, na kila anapovuta pumzi mmoja wa wenzake hukipokea kilio na kukiendeleza. Pembeni akina mama wanatabasamu. Maandishi yaliyo chini ya video yanasema tu kwamba ni harusi ya China, jambo ambalo halisaidii sana, kwa kuwa China ni kubwa na harusi zake hazifanani. Desturi inayoonekana pale ni ya Watujia, jamii yenye watu zaidi ya milioni 9 kwa sensa ya mwaka 2020, ambao makao yao ni milima ya Wuling, pale mikoa ya Hubei, Hunan na Guizhou inapokutana na jiji la Chongqing. Nimeyakusanya maswali hayo pamoja na mengine mawili yaliyokuwa yakisubiri kwa muda mrefu, na nafasi yote ya leo nimeyapa.

Je, msichana huyu anaozwa kwa nguvu? Na kama ndivyo, hao wanaotabasamu wana roho gani?

Hapana, kilio kile peke yake si ushahidi wa kulazimishwa, ingawa nitaeleza kwamba historia yake haiko mbali na kulazimishwa. Desturi hiyo huitwa kujia, yaani kulia wakati wa kuolewa, nayo ni sanaa inayofundishwa. Zamani msichana alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka 12 hivi, kwanza kwa kuwasikiliza dada na shangazi zake walipokuwa wakiolewa, kisha kwa kujaribu mwenyewe na wenzake walipokuwa wakitarizi. Alitakiwa ajue kupanga vina na kupandisha na kushusha sauti, na zaidi ya hayo ajue kutunga papo hapo, kwa sababu kila jamaa aliyeingia kumuaga alistahili kilio chake mwenyewe. Msichana aliyeshindwa kulia vizuri alichekwa kuwa hana akili wala adabu. Kwa hiyo akina mama unaowaona wakitabasamu wanafanya kile wafanyacho wapenzi wa mashairi popote walipo: wanasikiliza kwa makini, na beti iliyokaa sawa inawafurahisha hata kama inawatoa machozi.

Kilio huanza siku tatu hadi saba kabla ya harusi, na zamani wapo walioanza nusu mwezi au hata mwezi mzima kabla. Mwanzoni bibi harusi hulia kidogo jioni, lakini siku zinavyosogea kilio huongezeka na kupata mpangilio. Huwalilia wazazi, akawashukuru kwa kumlea na kulalamika kwamba hakuzaliwa mwanamume abaki nyumbani kwao. Huwalilia kaka zake na wake zao, na hapo kijembe kwa wifi si jambo la ajabu. Huwalilia mababu, ambao hatawafukizia ubani tena kama mtoto wa nyumba ile. Baada ya hapo hufuata vilio vya matendo: anapochanwa nywele na kufungwa kishungi cha mke wa mtu, anapoondolewa malaika, yaani vinyweleo laini, ya uso kwa nyuzi mbili zinazosokotwa na kuvutwa na mwanamke mwenye mkono mwepesi, na mwisho anapopandishwa kwenye machela, kiti kinachobebwa na watu mabegani.

Kilele ni usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, na video yenu inatoka hapo. Katika ukumbi wa nyumba huwekwa meza, wakaalikwa wasichana tisa ambao hawajaolewa, bibi harusi akiwa wa kumi. Ndiyo sababu huitwa usiku wa dada kumi, na mwenye video anaweza kuwahesabu. Bibi harusi huanza kwa kumlilia aliye karibu naye. Huyo hujibu kwa kilio cha kumfariji, kisha wa pili hupokea, na mzunguko huendelea hadi usiku wa manane na kupita. Kupanga sahani mezani kuna beti zake, kula kuna beti zake, na kuondoa vyombo pia. Mtu asiyejua lugha husikia huzuni tupu. Anayejua lugha husikia pia utani na masengenyo ya kijiji, na baadhi ya maneno ambayo msichana yule asingethubutu kuyasema siku nyingine yoyote.

Sasa historia niliyoahidi. Kwa karne nyingi milima ile ilitawaliwa na machifu wa kurithi waliotambuliwa na wafalme wa China, na inasimuliwa kwamba enzi hizo vijana wa Kitujia walichaguana wenyewe kwa nyimbo. Kati ya mwaka 1727 na 1735, chini ya mfalme Yongzheng, serikali ya Qing, nasaba iliyotawala China wakati huo, iliwaondoa machifu hao na kuweka maofisa wake, ambao walikuja na taratibu za Wahan, kabila kubwa kuliko yote nchini China: ndoa ipangwe na wazazi, ipitie kwa mshenga, na msichana akae ndani. Wachunguzi wengi wa mila hizo husema kuwa ni baada ya mabadiliko hayo ndipo kilio cha harusi kilipoenea na kukomaa. Maelezo hayo naona yana mantiki. Msichana ambaye hakuulizwa neno lolote tangu posa hadi kupangwa kwa tarehe alipewa siku chache za kusema, na katika siku hizo alikuwa na kinga: hakuna baba aliyeweza kumpiga kwa sababu ya alichokilia, kwa kuwa kulia kulikuwa ni wajibu wake.

Nimesoma kwamba bibi harusi humtukana mshenga mbele ya watu. Inawezekanaje, ilhali mshenga ndiye aliyefanikisha ndoa?

Anamtukana kweli, na kwa mpangilio. Kilio cha kumlaani mshenga ndicho kinachosubiriwa kwa hamu kuliko vyote. Mshenga hufananishwa na mbwa anayekula nyumba hii kisha akaenda kula ile. Huitwa mwongo aliyesema mashamba ni mengi kumbe ni mawe matupu, na kwamba bwana harusi ni hodari kumbe ni mvivu. Mwenyewe huketi akasikiliza, akacheka au akainama. Kukasirika hakuruhusiwi.

Ili kuelewa ukali huo ni lazima kujua uzito wa kazi yake. Katika vijiji vya China kuna methali ya zamani isemayo kwamba mbinguni pasipo na wingu hakuna mvua, na duniani pasipo na mshenga hakuna ndoa. Vitabu vya kale vya adabu za Kichina vilipanga hatua sita za kuoa, kuanzia zawadi ya posa hadi kumchukua bibi harusi, na katika hatua hizo zawadi iliyorudiwarudiwa ilikuwa bata bukini. Vijijini hatua hizo zilifupishwa, lakini mshenga alibaki. Kwa Watujia yeye ndiye aliyepanda mlima mara kadhaa kwa niaba ya familia ya mvulana, akapokea majibu ya kuzungushwa, akarudi tena, kwa kuwa familia ya msichana iliyokubali mara ya kwanza ingeonekana ina haraka ya kumwondoa mtoto wake. Wazazi walipokubali, alichukua karatasi nyekundu yenye mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa kwa msichana, ikapelekwa kwa mtabiri ili ilinganishwe na ya mvulana. Yeye ndiye aliyebeba ahadi za pande zote mbili, na bila shaka mara nyingine aliziongezea chumvi. Kwa hiyo matusi ya bibi harusi yalikuwa pia onyo la hadharani: tumekusikia ulichotuahidi, na kijiji chote kimesikia.

Kuhusu ujira wake, alipewa nguo, viatu na paja la nguruwe. Nadhani kwa kazi ile hakulipwa kupita kiasi.

Kama wazazi na mshenga walipanga kila kitu, vijana walikuwa na nafasi yoyote ya kupendana?

Walikuwa nayo, na mahali maarufu zaidi ni soko. Katika sehemu za milimani za Enshi, mkoani Hubei, hasa Shihuiyao na Dashanding, siku ya 12 ya mwezi wa saba kwa kalenda ya mwandamo, ambayo mara nyingi huangukia Agosti, hufanyika mkutano unaoitwa sherehe ya mabinti. Asili yake ni biashara. Milima ile hutoa mizizi ya dawa inayoitwa danggui, na wakati huo ndio watu walishuka na mazao yao kuuza, wakiwamo wasichana ambao siku nyingine hawakuonekana barabarani.

Msichana alijiandaa kwa siku hiyo kwa muda mrefu. Alivaa nguo zake bora zote kwa pamoja, ile ndefu ikiwa ndani na fupi ikiwa juu, ili pindo la kila moja lionekane chini ya nyingine na mtu aweze kuzihesabu. Alifika sokoni akiwa na tenga mgongoni, akapanga bidhaa zake mbele, akalipindua tenga na kulikalia. Kijana aliyevutiwa alisimama akauliza bei. Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa na tabaka mbili kama zile nguo: akimpenda, bei hushuka na maneno huongezeka, asipompenda, hutaja bei ambayo hakuna mwenye akili timamu angeilipa, na kijana huelewa bila kuaibishwa. Waliokubaliana waliondoka kando ya soko wakaimbiana, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Nyimbo hizo ziliwapa nafasi ya kupimana akili, kwa kuwa asiyeweza kujibu fumbo kwa fumbo alijulikana mapema.

Zawadi ya mapenzi iliyotambulika zaidi ilikuwa soli laini za ndani ya viatu, ambazo msichana alizitarizi mwenyewe kwa nyuzi za rangi. Soli hizo huchukua siku nyingi kushonwa na hazionekani mtu akishavaa, kwa hiyo anayejua kuwa zipo ni mpewaji na mtoaji tu. Sijui zawadi nyingi zenye busara kuliko hiyo. Kazi kubwa zaidi ya mikono ilikuwa xilankapu, kitambaa kizito cha tandiko kinachofumwa kwa nyuzi za rangi nyingi, ambacho binti alikifuma kwa ajili ya kwenda nacho kwa mume. Ufumaji huo uliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Siku hizi sherehe kubwa ya mabinti hufanyika mjini Enshi, yenye jukwaa na vipaza sauti, na wageni ni wengi kuliko wachumba.

Je, ni kweli kwamba siku ya harusi watu hupakana masizi na maharusi hugombania kitanda?

Ni kweli. Ujumbe wa bwana harusi unapofika, hukuta meza imewekwa mlangoni. Msemaji wa upande wa kike huuliza kwa mashairi, na msemaji wa upande wa kiume hana budi kujibu kwa mashairi; akishindwa, hupitishwa chini ya meza mbele ya watu wote. Wakishaingia, wasichana wa pale huwavizia wale vijana wakiwa na masizi ya chungu viganjani, na aliyerudi kwao uso ukiwa safi huenda hakupendwa na mtu.

Wakati wa kuondoka bibi harusi husimama ukumbini na kushika fungu la vijiti vya kulia chakula. Vingine huvirusha mbele na vingine nyuma yake, ili riziki ya nyumba anayokwenda na ya nyumba anayoiacha zote zipate sehemu. Kisha kaka yake humbeba mgongoni hadi kwenye machela.

Kitanda nacho kina kanuni zake. Maharusi wanapoingia chumbani, kila mmoja hukimbilia kukaa kwanza, kwa sababu inaaminika kwamba atakayetangulia ndiye atakayekuwa na kauli katika nyumba. Bibi harusi aliyefundwa vizuri hajikwai kwa kitambaa cha kichwani. Juu ya kitanda chenyewe, kama ilivyo kwa Wahan wa sehemu nyingi, hutawanywa kunazi kavu, karanga, matunda ya longani na mbegu za yungiyungi, si kwa utamu wake bali kwa majina yake: yakitamkwa kwa mfuatano kwa Kichina, yanasikika kama maombi ya kupata watoto mapema.

Nasikia mahari ya China ni ya kutisha. Inalipwa kiasi gani, nani huipokea, na sheria inasemaje?

Kwanza neno lenyewe. Wachina husema caili, na kulitafsiri kuwa mahari kunapotosha kidogo, kwa kuwa caili hukabidhiwa wazazi wa msichana na si msichana mwenyewe. Baadhi ya wazazi humrudishia yote pamoja na vyombo vya kuanzia maisha, wengine hubakiza sehemu, na wapo wanaoitumia kumwozesha kaka yake. Ugomvi mwingi hutoka hapo kuliko katika kiasi.

Kiasi kimebadilika pamoja na uchumi. Katika miaka ya 1970 familia iliyojiweza ilitarajiwa kutoa vitu vinne: baiskeli, cherehani, saa ya mkono na redio, ambavyo watu waliviita vitatu vinavyozunguka na kimoja kinacholia. Baadaye zikaja televisheni, friji na mashine ya kufulia. Siku hizi ni fedha taslimu, na vijijini watu wamebuni hesabu za kuchekesha ambazo kwa mlipaji hazichekeshi: kuna wanaopima noti za yuan 100 kwenye mizani hadi zifike jini tatu na liangi tatu, yaani kilo 1.65, ambazo ni zaidi ya yuan 140,000. Na kuna wanaotaka noti 10,000 za zambarau za yuan 5, noti 1,000 nyekundu za yuan 100, na juu yake noti za kijani za yuan 50, ili zitandazwe zionekane kama bustani. Bado hapo hujataja nyumba na gari. Kiwango hutofautiana sana kati ya kijiji na kijiji, na anayekutajia bei moja ya China nzima anakudanganya.

Sababu kubwa ni uhaba wa wanawake. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa wanaume wa China walizidi wanawake kwa takriban milioni 35, matokeo ya miaka mingi ya familia kupendelea watoto wa kiume wakati idadi ya watoto ilipokuwa imewekewa mipaka. Wasichana wa vijijini huenda kufanya kazi mijini na wengi huolewa huko, kwa hiyo mvulana aliyebaki mlimani hushindania wachache waliopo, na mzigo humwangukia yule asiye na uwezo wa kuubeba.

Sheria imekuwa na msimamo tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, uchumba wa watoto na kudai mali kwa kisingizio cha ndoa, na katazo hilo la kudai mali limo pia katika Kanuni ya Sheria za Kiraia iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Zawadi ya hiari inayofuata mila haikatazwi. Mipaka kati ya kudai na kupewa ndiyo inayojaza mahakama, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 Mahakama ya Juu ya China imetoa mwongozo maalumu: hakimu anapoamua kama caili irudishwe na kwa kiasi gani, huangalia kama wawili hao walisajili ndoa, waliishi pamoja muda gani, kama kuna mtoto au ujauzito, fedha zilitumikaje na desturi ya mahali ni ipi. Wazazi waliopokea fedha wanaweza kushtakiwa pamoja na binti yao. Zawadi ndogo za sikukuu na siku ya kuzaliwa hazihesabiwi kuwa caili, kwa hiyo kijana aliyeachwa asitegemee kurudishiwa thamani ya chakula alichomnunulia mchumba.

Je, Watujia bado wanalia, au video ile ni maigizo ya watalii?

Yote mawili yapo. Nyimbo za kilio cha harusi za Watujia ziliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi mwaka 2011, kutokana na wilaya za Yongshun na Guzhang mkoani Hunan, na katika maeneo ya utalii ya milima ile kilio huchezwa jukwaani. Katika nyumba za kawaida desturi imepungua kwa sababu isiyo na siri: binti aliyechaguana mwenyewe na mchumba wake, wakakutana kazini katika mkoa wa Guangdong, hana wa kumlaani, na mshenga wao huwa ni jina tu la mtu atakayeketi mahali pa heshima siku ya karamu.

Muda nao haupo. Wengi hurudi kwao kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina, wakafunga harusi na kuondoka ndani ya siku chache. Ndoa kwa mujibu wa sheria wanaweza kuwa wameshaisajili huko huko wanakofanya kazi, kwani tangu tarehe 10 Mei 2025 wachumba wanaruhusiwa kusajiliwa popote nchini, bila kulazimika kurudi walikoandikishwa kuwa wakazi. Ndiyo maana mahali kilio kilipobaki kimefupishwa mara nyingi kuwa cha usiku mmoja, na wanaoyajua maneno yake sawasawa ni bibi na shangazi, ambao huketi nyuma ya bibi harusi wakimtangulizia mstari mmoja mmoja ili naye aurudie.